Walioisifu Ardhi ya Kongwa

Kazi ya dalali wa ardhi ina sharti la kale: aisifuye ardhi mbele ya mnunuzi yampasa kwanza aijue. Kongwa, katika nchi ya Wagogo, ilipata kusifiwa na watu wasio madalali kwa jina, ila kwa tendo.

Mwaka 1946 John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, alitumwa na serikali ya Uingereza pamoja na wenzake wawili kutafuta mashamba ya karanga, maana mafuta ya kula yalikuwa haba baada ya vita. Walizunguka wiki tisa tu, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka katika ndege. Wakapendekeza ekari 3,210,000; naye John Strachey, Waziri wa Chakula, akaunadi mpango huo kwa walipa kodi.

Wazee wa Ugogo walikuwa na habari nyingine: waliikumbuka njaa ya Mtunya, iliyowaua wengi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Mvua hukatika, na udongo wakati wa kiangazi hukauka kama saruji, karanga zikakwama ndani. Mwaka 1947 zilikusudiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 8,000. Januari 1951 mpango ulivunjwa, na pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Elimu hawakupungukiwa, walipungukiwa mwaka mzima wa kukaa pale, masika na kiangazi. Siwalaumu kwa kukosea, bali kwa kunena kwa yakini.

Baadaye sehemu ya ardhi hiyo ilifanywa ranchi ya ng'ombe, nao Wagogo walikuwa wakifuga huko kabla ya trekta la kwanza.