Mshipa Uliopasuka na Mshipa Ulioziba

Kiharusi si maradhi ya namna moja. Mwaka 1658 daktari wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer, aliandika kwamba alipasua maiti za waliokufa kwa kiharusi, akakuta damu imevuja kichwani. Namna ya pili, nayo ndiyo iliyo nyingi zaidi, ni mshipa kuziba, ubongo ukakosa damu.

Je, dalili zinatofautiana? Kidogo. Tarehe 12 Aprili 1945 Bwana Roosevelt, Rais wa Marekani, alilalamika kisogo kinamuuma vibaya, akazimia, akafa siku ile ile. Damu ilikuwa imevuja. Mshipa ukiziba, mara nyingi mdomo hupinda, mkono hulegea na maneno hukwama, wala kichwa hakiumi sana. Lakini damu ikivuja nayo huweza kupindisha mdomo! Hata daktari hawezi kuamua kwa kutazama tu. Huhitaji picha ya kichwa, kwa mashine iliyotumiwa kwanza London mwaka 1971. Siku hizi iko hata Bugando, Mwanza.

Basi msimpe mgonjwa aspirini nyumbani. Dawa hiyo huzuia damu kuganda, na kama mshipa umepasuka, damu itazidi kuvuja. Mpelekeni hospitali upesi, msingoje kupambazuke.