Neno «discordia»: Ni la Kamba ao la Moyo?

Katika vitabu vyetu vya Kilatini tunakuta neno discordia, nasi tunalitafsiri upesi: ugomvi. Wafaransa wanasema désaccord juu ya watu wasiopatana; na gitari ambayo kamba zake hazipatani, wanasema ni désaccordée. Neno la namna moja linashika mambo mawili: watu wasiosikilizana na sauti inayoumiza masikio. Inafaa tutafute shina lake.

Wengi wanazani kwamba linatoka kwa chorda, ndiyo kamba ya kinanda. Sivyo. Shina lake ni cor, ndiyo moyo. Concordia ni mioyo iliyo pamoja. Discordia ni mioyo iliyoachana. Chorda ilijiunga nyuma, katika mambo ya muziki, sababu maneno haya mawili yanafanana kwa kusikia.

Lakini kufananisha ugomvi na sauti mbaya ni desturi ya zamani. Mutakatifu Luka anaeleza kwamba Wayuda wa Roma, walipomusikia Paulo, waliondoka bila kupatana (Matendo 28, 25). Neno lake la Kigreki, asymphonoi, maana yake ni wenye sauti zisizolingana. Na mwanzoni mwa karne ya pili, Mutakatifu Ignasi wa Antiokia, akipelekwa Roma kuuawa kwa ajili ya imani, aliwaandikia Waefeso akiwasifu mapadri wao: wanapatana na askofu kama kamba zinavyopatana na kinanda.

Je, kila kutopatana ni zambi? Paulo na Barnaba waligombana juu ya Yohane Marko, hata wakaachana: Barnaba alikwenda Kipro pamoja na Marko, Paulo akamuchukua Sila (Matendo 15, 39-40). Mutakatifu Toma wa Akwino, katika Summa (IIa-IIae, q. 37), aliyoiandika kunako mwaka 1271, anajibu kwa uangalifu. Kuwa na mawazo mbalimbali, anafundisha, hakuvunji mapendo. Discordia iliyo zambi inakaa katika nia: mutu anajua mema anayopaswa kuyakubali pamoja na mwenzake, naye anayakataa kwa kusudi. Mama yake ni majivuno: kila mumoja anashika lake kwa sababu ni lake. Mabishano ya mudomo Toma anayatenga kando, anayaita contentio (q. 38).

Basi, wandugu, tuchunge ulimi wetu. Katekista akisema katika baraza neno lisilopatana na la padri, tusimwite mara moja mutu wa fitina. Tuulize kwanza: ni mawazo yanayoachana, ao ni mioyo? Na kila mumoja wetu aanze kujiuliza mwenyewe.

Paulo alimukataa Marko siku ile. Lakini katika barua ya pili kwa Timoteo (4, 11), akiwa amefungwa, anaomba Marko aletwe kwake, kwa kuwa anamufaa kwa kazi.