Masikio Yaliyomshangaza Burton

Mwaka 1857, Richard Burton na John Speke walipokatiza Ugogo kuelekea Tabora, Burton alikuwa na malalamiko tele, na kubwa lao lilikuwa hongo waliyodaiwa na watemi njia nzima. Hata hivyo, katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 hakusahau masikio. Mgogo, alieleza, hutambulika kwa ndewe zake, matundu yaliyotanuliwa kwa vipande vya mti na vibuyu mpaka sikio likaning'inia.

Kila bibi wa Kigogo alijua jambo moja bila kufungua kitabu: mtoto huzaliwa na sikio zima. Hata kama baba, babu na babu wa babu walitogwa, mjukuu naye itabidi atogwe upya. Miaka ya 1880 mwanasayansi wa Kijerumani, August Weismann, aliwakata mikia panya wa vizazi vitano ili kuthibitisha neno hilohilo. Watoto 901 walizaliwa, wote na mikia. Ugogo ilikuwa imekwisha kulifanya jaribio hilo kwa muda mrefu zaidi, na hakuna panya aliyeumia.

Lipo sikio jingine, ambalo halikuguswa na mkono wa mtu. Mtoto anazaliwa, mkunga anamgeuza, anaona upande mmoja kuna kinundu tu cha nyama, pengine hata tundu la kusikilizia halipo. Madaktari huita hali hiyo mikrotia. Nchi nyingi huhesabu mtoto mmoja hadi wanne hivi katika kila 10,000. Quito, mji mkuu wa Ekwado, idadi ni kubwa zaidi, karibu 17. Wavulana huipata zaidi ya wasichana, na sikio la kulia zaidi ya la kushoto. Hili la mwisho linanivutia kuliko yote, kwa sababu masikio mawili ya mtoto mmoja yana vinasaba vilevile.

Sikio la nje huanza kama vinundu sita, wakati mimba ina wiki sita hivi. Mwanaanatomia Wilhelm His alivieleza mwaka 1885: vitatu upande huu, vitatu upande ule, na vyote huungana kuwa umbo tunalolijua. Ni nini huharibu kazi hiyo? Jibu la kwanza lenye ushahidi mzito lilitokana na msiba. Dawa ya thalidomide, iliyouzwa kutuliza kichefuchefu na kuleta usingizi, iliondolewa madukani Ujerumani mwishoni mwa 1961. Watoto wa akina mama walioinywa kati ya siku ya 20 na ya 24 tangu mimba kutungwa ndio hasa waliozaliwa bila masikio. Siku hizo vinundu bado havijachomoza, na mama mwenyewe huenda hajui kama ana mimba. Wanaowanyooshea vidole akina mama wangetafakari kalenda hiyo.

Baadaye zikaja jeni. Mwaka 1996 ilipatikana TCOF1, inayosababisha ugonjwa wa Treacher Collins, ambao hubana mashavu na taya na kudumaza masikio. Zaidi ya nusu ya wenye ugonjwa huo wana kosa jipya kabisa, ambalo baba na mama hawana. Mwaka 2008 familia moja ya Irani iliifikisha sayansi kwenye HOXA2. Mwaka 2021 ikawa zamu ya SF3B2, na 2023 FOXI3. SF3B2 inaeleza takriban robo ya kesi za uso mdogo wa upande mmoja, hali inayodumaza sikio pia, zinazotembea katika ukoo, lakini asilimia 3 tu ya zile zinazotokea ghafla.

Tanzania nayo imo katika hadithi hii. Mwaka 1995 Richard Spritz wa Marekani, akishirikiana na Luande wa Dar es Salaam, alionyesha kuwa Watanzania wengi wenye ualbino wana pengo lilelile katika jeni moja, herufi 2,700 za vinasaba zilizokatika. Spritz huyohuyo alirudi na wenzake, akiwamo Mange Manyama wa Bugando, wakapiga picha za vipimo vitatu nyuso za maelfu ya watoto wa Mwanza. Mwaka 2016 walizitaja SCHIP1 na PDE8A kuwa zinahusika na ukubwa wa uso. Hawakutafuta ugonjwa. Walitaka kujua uso wa kawaida hujengwaje.

Kwangu, hapo ndipo penye uzito. Huwezi kuihukumu herufi ya mtoto kuwa kosa kama hujui herufi za majirani zake wazima, na madaftari ya vinasaba duniani yamejaa Wazungu. Uwanda wa kati umechangia: mwaka 2007 mtafiti wa vinasaba, Sarah Tishkoff, alichapisha utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudani kuhusu uwezo wa kunywa maziwa ukubwani. Mwaka 2012 kundi lake lilisoma vinasaba vyote vya watu 15: Mbilikimo wa Kamerun, Wahadzabe, na Wasandawe, ambao kwao ni Kwa Mtoro na Farkwa, wilaya ya Chemba. Tofauti milioni 13.4 zilihesabiwa, zikiwamo mamilioni ambazo hazijawahi kuandikwa popote, zote ndani ya miili ya watu 15. Wasandawe kati yao walikuwa watano.