Msimu, Habubu na Radi Kavu: Historia ya Istilahi Tatu za Jangwani

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya istilahi tatu zitumikazo kuelezea hali ya hewa ya jangwa la Sonora, hasa katika jimbo la Arizona, Marekani, na kupendekeza namna ya kuzifasiri kwa Kiswahili. Huenda msomaji akauliza jangwa la mbali kiasi hicho latuhusu nini. Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, mojawapo ya istilahi hizo ina asili moja na neno letu wenyewe. Pili, istilahi ya hatari ikifasiriwa vibaya humfanya msikilizaji aogope kisichodhuru na kukipuuza kiuacho.

Yafaa tuanze na hali yenyewe. Katika miezi ya Mei na Juni jangwa hilo hukauka kabisa. Tarehe 26 Juni 1990 joto la mji wa Phoenix lilifikia nyuzi 50 za Selsiasi. Mwaka 2023 mji huo ulipitisha siku 31 mfululizo, tangu 30 Juni hadi 30 Julai, joto la mchana likifika nyuzi 43 au zaidi. Baadaye upepo hugeuka, unyevu huingia kutoka upande wa Mexico, na mvua hunyesha hadi Septemba. Watohono O'odham, ambao ni wenyeji wa jangwa hilo, huvuna matunda ya dungusi kakati kubwa liitwalo saguaro kabla ya mvua hizo, na kwao mavuno hayo ndiyo mwanzo wa mwaka. Wasemao Kihispania nao walizoea kuzingojea mvua tangu sikukuu ya Mtakatifu Yohane, tarehe 24 Juni.

Hapa mfasiri hukutana na mtego wa kwanza. Kwa mazoea huandika “kiangazi” kila akutanapo na majira ya joto ya nchi za kaskazini. Lakini kwetu kiangazi ni wakati wa ukavu, na msomaji akiambiwa kuwa mvua za Arizona hunyesha wakati wa kiangazi atadhani mwandishi amekosea. Ni afadhali kusema “majira ya joto”, tukaacha kiangazi kibaki na maana yake.

Istilahi ya kwanza ni ile ya pepo zinazoleta mvua hizo. Mabaharia Waarabu waliita “mausimu” majira yafaayo kwa safari. Wareno walilichukua neno hilo, na kwa njia hiyo likafika katika Kiingereza kwa umbo la monsoon. Waswahili walikuwa wamelipata kwa Waarabu wenyewe, kaskazi ikileta majahazi na kusi ikiyarudisha, nalo likawa “msimu”. Wataalamu wa Arizona walilitumia kwa kuwa huko pia pepo hugeuka kwa majira. Kwa muda mrefu walihesabu kuwa msimu umeanza pale kipimo cha umande hewani kinapofikia kiasi fulani kwa siku tatu mfululizo. Mwaka 2008 Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani iliiacha kanuni hiyo, ikaweka tarehe maalumu, 15 Juni hadi 30 Septemba, ili watu waache kubishana juu ya siku ya kuanza, wajiandae kwa hatari. Istilahi ilibadilishwa maana kwa manufaa ya msikilizaji. Sisi nasi katika vitabu vya shule huandika “pepo za monsuni”, mfano wa mtu aliyeazima chungu kwa jirani ilhali kama hicho anacho jikoni. “Pepo za msimu” yatosha.

Istilahi ya pili ni “habubu”. Ni neno la Kiarabu cha Sudan, litajalo ukuta wa vumbi unaosukumwa na upepo utokao katika wingu la mvua. Mwaka 1925 L. J. Sutton aliandika makala juu ya habubu za Sudan katika jarida la wanahewa wa Uingereza. Mwaka 1972 Idso, Ingram na Pritchard walichapisha makala yao juu ya habubu ya Marekani, wakionyesha kuwa tufani ya vumbi ya Arizona ni jambo lile lile. Baada ya ukuta mkubwa wa vumbi kuufunika mji wa Phoenix tarehe 5 Julai 2011, baadhi ya wakazi waliyaandikia magazeti wakilalamika kuwa neno hilo ni la kigeni. Walisahau kwamba hata neno walilotumia kutajia msimu wao lilitoka huko huko. Nasi tusione haya kulipokea, kwa kuwa “dhoruba ya vumbi” hutaja kila vumbi lipeperushwalo, lakini habubu hutaja na chanzo chake.

Istilahi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mwanzoni mwa msimu wingu hutanda juu sana. Matone yake hupita katika hewa kavu yenye joto, yakageuka mvuke kabla ya kugusa ardhi. Wamarekani huiita dhoruba hiyo ya ngurumo “kavu”, hata kama matone machache yatafika chini, almuradi mvua isizidi kiasi cha milimita 2.5. Je, tuseme “radi kavu”? Naona yafaa, kwa kuwa Kiswahili kina mazoea hayo. Asemaye amekunywa chai kavu hatudhani kikombe chake hakikuwa na maji. Twajua chai ilikosa kitafunwa. Vivyo hivyo radi kavu ni radi iliyokosa mwenziwe, yaani mvua.

Hata hivyo neno “kavu” peke yake lina upungufu. Matone yakigeuka mvuke huipoza hewa. Hewa hiyo baridi, kwa uzito wake, huporomoka na kusambaa kwa kasi pande zote. Radi huwasha moto, na upepo huo huweza kuugeuza. Tarehe 25 Juni 1990 radi iliwasha moto karibu na mji wa Payson. Kesho yake, siku ile ile Phoenix ilipofikia nyuzi 50, upepo ulioporomoka kutoka juu uliusukuma moto huo, na wazima moto 6 wakafa. Tarehe 28 Juni 2013 radi iliwasha moto mwingine karibu na Yarnell. Tarehe 30 upepo wa dhoruba ya ngurumo uliugeuza uelekeo wake, ukawaua wazima moto 19. Katika misiba yote miwili radi ilikwisha kupiga kabla, na kilicholeta mauti ni moto uliogeuzwa na upepo.

Kwa hiyo napendekeza wafasiri watumie “radi kavu” kwa tukio lenyewe, na “upepo wa mporomoko” kwa upepo uletwao na wingu, na katika taarifa yoyote ya tahadhari istilahi hizo mbili zisitenganishwe. Walimu waweza kuzijaribu darasani, na maofisa katika matangazo ya moto wa nyika. Mkulima asikiaye “radi kavu” aangalie mti ulio karibu naye. Asikiaye “upepo wa mporomoko” ajue kuwa moto aliouona ng'ambo ya kilima waweza kumfikia jioni ile ile.