Timu ya Taifa Isiyo na Dola: Zanzibar katika Mashindano ya Kimataifa ya Kandanda, 1949–2017

1.0 Utangulizi

Zanzibar ina timu ya taifa ya kandanda, ina shirikisho lake na ligi yake, lakini timu yake ya wakubwa haijawahi kucheza mechi hata moja ya kufuzu Kombe la Dunia wala Kombe la Mataifa ya Afrika. Hali hiyo huelezwa mara nyingi kuwa ni tokeo la moja kwa moja la Muungano wa mwaka 1964. Insha hii inadai kuwa maelezo hayo ni ya kweli kwa sehemu tu. Muungano haukuiondoa Zanzibar katika mashindano ya Afrika Mashariki, na kandanda ya dunia inao wanachama kadhaa wasiokuwa dola. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jambo la msingi lilikuwa wakati wa kuingia. Zanzibar iliingia katika mashindano ya kanda kabla sharti la dola halijawa na uzito, na ikabisha hodi barani na duniani wakati sharti hilo lilikuwa limekwisha kuwa kanuni.

2.0 Kutoka Kombe la Gossage hadi Kombe la Chalenji

Mashindano ya Kombe la Gossage, yaliyobeba jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza, yalianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Ni muhimu kuzingatia kuwa wakati huo hakuna hata moja kati ya timu hizo nne iliyowakilisha dola huru. Kenya ilikuwa koloni, Uganda na Zanzibar zilikuwa nchi lindwa, na Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Kilichohesabiwa ni utawala wa eneo na chama chake cha mpira. Kwa kipimo hicho, Zanzibar ilikuwa sawa na wenzake, ingawa haikuwahi kutwaa kombe hilo.

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, ikafanya Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, na tarehe 26 Aprili mwaka huohuo ikaungana na Tanganyika. Nchi mbili zikawa dola moja, lakini mashindano ya kanda yaliendelea kuhesabu timu mbili. Kombe la Gossage lilipogeuka kuwa Kombe la Chalenji mwaka 1967, na baadaye kuwekwa chini ya CECAFA mwaka 1973, Zanzibar ilibaki na kiti chake. Hadi leo Tanzania Bara hushiriki Chalenji kwa jina la Kilimanjaro Stars, na Zanzibar kwa jina la Zanzibar Heroes. Jina la Taifa Stars hutumika pale pande zote mbili zinapochezea timu moja.

3.0 Rekodi ya Uwanjani

Kushiriki huko hakukuwa kwa heshima ya historia pekee. Mwaka 1995, nchini Uganda, Zanzibar ilitwaa Kombe la Chalenji kwa kuifunga timu ya pili ya wenyeji bao 1–0. Mwaka 2009 na mwaka 2012 ilishika nafasi ya tatu, na mara zote mbili iliyoshindwa ilikuwa Tanzania Bara.

Mashindano ya mwaka 2017 nchini Kenya yana uzito wa pekee. Chini ya kocha Hemed Suleiman, maarufu kwa jina la Morocco, Zanzibar iliifunga Rwanda 3–1 na Tanzania Bara 2–1 katika hatua ya makundi, kisha ikaiondoa Uganda kwa 2–1 katika nusu fainali. Fainali ilichezwa Machakos tarehe 17 Desemba. Zanzibar ilitoka sare ya 2–2 na Kenya, ikapoteza kwa mikwaju ya penalti 3–2. Miezi mitano tu kabla ya fainali hiyo, timu hiyohiyo ilikuwa imepoteza uanachama wake kamili barani.

4.0 Mlango wa Bara na wa Dunia

Tangu mwaka 2004 Zanzibar ilikuwa mwanachama mshirika wa CAF. Hadhi hiyo iliziruhusu klabu zake kushiriki mashindano ya klabu za Afrika, lakini haikuiruhusu timu ya taifa kuwania Kombe la Mataifa. Mwaka 2006 Zanzibar ilikwenda Hamburg, Ujerumani, kucheza mashindano ya timu zisizo wanachama wa FIFA, ikafika fainali na kushindwa na Kupro ya Kaskazini kwa penalti.

Miongoni mwa timu zilizokuwapo Hamburg ilikuwamo Gibraltar, eneo lililo chini ya Uingereza. Gibraltar iliomba uanachama wa UEFA kabla ya mwaka 2001, mwaka ambao UEFA ilibadili kanuni na kudai udola. Mahakama ya usuluhishi wa michezo iliamua kwamba ombi hilo lipimwe kwa kanuni za zamani. Gibraltar ikapokewa na UEFA mwaka 2013 na FIFA mwaka 2016, pasipo kuwa dola. Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark, vilikuwa vimeingia FIFA tangu mwaka 1988. Scotland na Uingereza zilicheza mechi yao ya kwanza mwaka 1872, miaka 32 kabla ya FIFA kuundwa. Katika raga hali ni ya kinyume: timu ya Ireland inakusanya wachezaji wa Jamhuri ya Ireland na wa Ireland ya Kaskazini, maeneo ya dola mbili katika jezi moja.

Zanzibar haikuwa na kinga ya tarehe kama hiyo. Tarehe 16 Machi 2017, mjini Addis Ababa, CAF iliipokea kuwa mwanachama kamili wa 55. Mwezi Julai, katika mkutano wa Rabat, uamuzi huo ulifutwa. Rais mpya wa CAF, Ahmad Ahmad, alieleza kuwa katiba ya shirikisho hairuhusu vyama viwili kutoka nchi moja.

5.0 Athari na Hitimisho

Michezo si miongoni mwa Mambo ya Muungano yaliyoorodheshwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, lakini kiti cha FIFA kinashikwa na TFF. Kwa hiyo kijana anayejifunza mpira mchangani Paje maji yanapokupwa anaweza kuichezea Zanzibar katika Chalenji, ila akitaka kufika Kombe la Mataifa hana budi kuitwa Taifa Stars. Njia hiyo ipo na imepitika: Feisal Salum alikuwamo katika kikosi cha Zanzibar cha mwaka 2017 kabla ya kuwa nguzo ya Taifa Stars, na Hemed Suleiman aliiongoza Taifa Stars kufuzu fainali za AFCON 2025. Hata hivyo, njia hiyo huwapokea watu mmojammoja, haiipokei timu.

Ushahidi huu unaonesha kwamba neno "nchi" katika kandanda halina maana moja. CECAFA ililirithi kutoka enzi za ukoloni, likiwa na maana ya eneo lenye chama chake. CAF na FIFA hulitumia kwa maana ya dola, huku wakiwabakiza wale waliotangulia. Mjadala kuhusu haki ya Zanzibar utaeleweka vizuri zaidi iwapo utaanzia kwenye historia ya kanuni hizo, badala ya kuishia kwenye mwaka 1964.