Mtutu na mwenzake

Taarifa ya polisi ikitaja "bunduki aina ya gobole", msomaji wa Masasi haulizi maana. Ni ile ya kushindiliwa baruti na vipande vya chuma kwa mdomoni, aghalabu kazi ya mhunzi wa kijijini. Kamusi za zamani huandika gobori. Magazetini r imegeuka l.

Kasoro iko kwa jirani yake. Bunduki ya marisau, inayokunjwa katikati na kutiwa risasi kwa nyuma, huitwa shotigani tu, iwe na mtutu mmoja au miwili. Jina hilo linaficha jambo tamu: mitutu hiyo miwili si mapacha. Kwa desturi wa kulia huwa wazi zaidi, marisau yatawanyike kwa kanga aliye karibu; wa kushoto hubanwa kidogo mdomoni, yafike mbali yakiwa bado pamoja. Na "namba 12" ya bunduki hiyo si milimita: ni tufe la madini ya risasi, uzito wake sehemu moja ya 12 ya ratili, linaloenea ndani ya mtutu.

Siasa nayo ililichukua neno "mtutu". Ukisimama Shimo la Mungu, Newala, unaliona bonde la Ruvuma. Ng'ambo yake, Septemba 1964, FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilianza kutafuta uhuru "kwa mtutu wa bunduki". Kwa umoja, ingawa mitutu ilikuwa mingi.

Aliyerithi mitutu miwili ya babu, yenye michirizi ya chuma kilichosokotwa, asiijaribu kwa risasi za kisasa: ilifuliwa kwa ajili ya baruti nyeusi.