Simbilisi wakizaa: jinsi ya kuwanusuru vichanga

Usiku mmoja wa masika, jike wangu wa kwanza alizaa watoto wanne. Niliwaacha saa tatu wakiwa wazima, wanatembea. Alfajiri nilipotoka kwenda kusali nikapitia bandani: siafu walikuwa wamepanda kwa miguu ya banda, na watoto watatu walikuwa wamekwisha kufa. Hasara ile niliileta mwenyewe kwa kufuga mnyama nisiyemjua. Siku hizi naona vijana wengi mitaani wananunua simbilisi wawili, dume na jike, kisha wanangoja wazaliane. Kuzaliana watazaliana, kazi ni kuwafanya waishi.

Asili ya simbilisi ni milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako watu wa Peru na majirani zao wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Kwa Kiingereza amepewa jina la nguruwe, lakini hana nasaba naye. Ni mnyama wa jamii ya panya na nungu. Suala la kumla nawaachia masheikh. Mimi nazungumzia ufugaji.

Umri wa jike. Usimpandishe kabla hajafika miezi mitatu na uzito wa gramu 500 hivi. Lakini pia usimcheleweshe. Jike ambaye hajawahi kuzaa akipita miezi sita au saba, mifupa ya nyonga yake hushikana. Akishika mimba baada ya hapo, mtoto hukosa njia, na mara nyingi mama na watoto hufa pamoja. Ukiuziwa jike mkubwa na hujui kama amewahi kuzaa, usimtie kwa dume.

Mimba. Huchukua siku 59 hadi 72, muda mrefu kwa mnyama mdogo kama huyu. Andika tarehe uliyowakutanisha. Simbilisi, kama binadamu, hana uwezo wa kujitengenezea vitamini C mwilini, na mwenye mimba huihitaji zaidi. Mpe sukuma wiki na pilipili hoho kila siku, pamoja na nyasi za kutosha na maji safi. Pumba peke yake haitoshi. Usimwinue ovyo, na asikose chakula hata siku moja, kwani mwenye mimba akikaa na njaa huweza kuugua ghafla na kufa.

Joto. Huyu ni mnyama wa milimani, nasi tuko Pwani. Joto likipita nyuzi 27 huanza kutaabika, na wenye mimba ndio wa kwanza kuanguka. Wakati wa kaskazi, banda la mabati ni tanuri. Ezeka makuti, liweke kivulini panapopita upepo, na mchana wa jua kali watilie chupa ya maji baridi iliyofungwa kitambaa wapate kuiegemea.

Kuzaa. Mtenge dume kabla ya siku kufika. Jike hupata joto la kupandwa saa chache tu baada ya kuzaa. Dume akiwapo, atashika mimba nyingine huku ananyonyesha, na mwili wake utachoka. Uzazi wenyewe kwa kawaida huisha ndani ya nusu saa hivi. Ukiona anasukuma mfululizo kwa zaidi ya dakika ishirini bila mtoto kutoka, au anatokwa na damu nyingi, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimvute mtoto kwa mkono.

Watoto. Kwa kawaida huwa wawili hadi wanne. Huzaliwa na manyoya, macho wazi na meno, na baada ya siku moja au mbili huanza kutafuna majani. Hapo ndipo wengi hudanganyika wakadhani hawahitaji mama. Wanahitaji kunyonya kwa wiki tatu. Mama ana chuchu mbili tu, kwa hiyo wakiwa wengi wapime kila siku kwa mizani ya jikoni. Asiyeongezeka uzito mpe nafasi ya kunyonya peke yake na mama.

Banda lao liwe na wavu wa matundu madogo, kwa sababu kichanga hupenya mahali padogo. Wavu huo huo utazuia paka, panya, nguchiro na kunguru, ambao hapa kwetu hawaogopi mtu. Kila mguu wa banda usimame ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo, siafu hawavuki. Chombo cha maji kiwe kifupi wasije wakazama. Tandika nyasi kavu, ubadilishe kabla hazijanuka mkojo.

Kuwatenganisha. Wakifika wiki tatu, watoe madume wadogo. Huweza kumpanda mama yao na dada zao mapema kuliko unavyodhani.

Na tahadhari moja: usiwape dawa za duka la jirani. Penisilini na amoksilini, ambazo sisi tunazimeza, huwaua simbilisi kwa kuharibu matumbo yao.

Yule mtoto wa nne alisalimika, akakua, naye akazaa. Yote niliyoyaeleza hayana gharama kubwa. Kabla hujanunua jozi, tengeneza banda la pili la kumtengea dume, na uweke makopo manne ya maji chini ya la kwanza.